Sarafu ya 500 ya mama mmoja, na dola ya fedha ya Marekani (Sehemu ya 4)

Leo tunaendelea na historia ya vitu tunavyokutana navyo kliniki. Ni ndefu kidogo, kama unanyonyesha kaa vizuri.

1.
Wiki iliyopita wodini tulikuwa tunachanga nauli ya mama aliyepewa rufaa na mtoto wake njiti. Mama wa kitanda cha jirani akanivuta pembeni, akanishikisha sarafu ya 500. Akasema, "Nesi, naona aibu, hii si kitu." Nikaipokea kwa mikono miwili. Sikuwa na muda wa kumjibu, zamu ilikuwa imechachamaa. Jibu langu ndo hili hapa.

2.
Desemba 2012, Rais Obama alisaini sheria ya kutengeneza sarafu za kumbukumbu kwa heshima ya shirika la watoto linaloitwa March of Dimes. Sheria iliruhusu sarafu za fedha za dola 1, zisizozidi 500,000, zitolewe mwaka 2015. Upande mmoja kuna sura za watu wawili, Rais Franklin Roosevelt na mtafiti Jonas Salk. Upande wa pili kuna kichanga amelala kwenye kiganja cha mzazi.

Sasa utauliza, kwa nini shirika la watoto liheshimiwe kwa sarafu? Kwa sababu lilijengwa na sarafu. "Dime" ni sarafu ya senti 10 ya Marekani, ndogo kuliko zao zote.

3.
Turudi nyuma. Agosti 1921 Roosevelt, mwanasiasa wa miaka 39, aliugua ghafla akiwa mapumzikoni. Madaktari wakasema ni polio. Miguu yake haikupona tena, na bado alikuja kuwa rais. Januari 1938 akaanzisha taasisi ya taifa ya kupambana na ugonjwa huo.

Mchekeshaji wa redio, Eddie Cantor, ndiye aliyetoa wazo: kila mtu atume senti 10 moja kwa moja Ikulu. Jina alilitunga kwa utani, akiigiza jina la filamu za habari za wakati ule. Jamani, barua zilifurika! Zilihesabiwa dime 2,680,000, yaani dola 268,000. Nyingi zilitoka kwa watoto na watu wa kipato cha chini.

Roosevelt alifariki Aprili 1945. Januari 1946, siku ambayo ingekuwa ya kuzaliwa kwake, sura yake ikawekwa kwenye dime. Ipo mpaka leo.

4.
Hapa kina mama mnaingia. Januari 1950, katika mji wa Phoenix, Arizona, kina mama walitangaza hivi: jioni fulani, nyumba yenye kitu cha kuchangia iwashe taa ya barazani. Wakatoka wakipita nyumba zenye taa tu, wakikusanya chochote. Mwaka uliofuata jambo hilo likawa la nchi nzima.

Waliogopa nini? Kila kiangazi polio ilirudi. Mwaka 1952 peke yake Marekani ilipata wagonjwa karibu 58,000, na zaidi ya 3,000 walifariki. Waliopooza misuli ya kupumulia waliwekwa ndani ya mashine kubwa kama pipa, kichwa tu kikiwa nje. Mama alikuwa anamwangalia mwanawe kupitia kioo kidogo kilichofungwa juu ya kichwa cha mtoto.

5.
Zile senti zilimlipa Salk na maabara yake. Mwaka 1954 chanjo yake ikajaribiwa katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya milioni 1.8. Tarehe 12 Aprili 1955, miaka 10 kamili tangu kifo cha Roosevelt, ikatangazwa kwamba chanjo ni salama na inafanya kazi. Hiyo ni ya sindano. Fedha za shirika hilohilo zilimsaidia pia Albert Sabin, ambaye utafiti wake ulituletea matone.

6.
Sitaki niwape historia tamu tupu. Wiki chache baada ya tangazo lile, chanjo kutoka kiwanda kimoja iligundulika ina virusi hai ambavyo havikuuawa sawasawa. Watoto walipooza, na watu 10 wakafariki. Chanjo ilisimamishwa, ukaguzi wa viwanda ukakazwa, kisha ikarudi. Mama anayeniuliza, "Nesi, hivi hii imekaguliwa?" simwoni msumbufu. Swali lake ni halali, na ukaguzi mkali wa leo una mizizi kwenye msiba ule.

Kingine ni rangi. Kituo cha tiba alichokianzisha Roosevelt kule Warm Springs, Georgia, hakikupokea wagonjwa weusi. Baada ya malalamiko, shirika lilitoa pesa kujenga kituo kingine Tuskegee, Alabama, kilichofunguliwa 1941. Senti za watoto weusi zilipokelewa tangu mwanzo, ila kitanda chao kilichelewa.

7.
Polio ilipodhibitiwa, shirika halikufunga ofisi. Mwaka 1958 liligeukia watoto wanaozaliwa na kasoro, na baadaye watoto njiti. Mwaka 1959 akajiunga nalo Dkt. Virginia Apgar.

Hilo jina unalijua! Ukiona kwenye kadi yako "Apgar 8/10", ni huyo mama. Alikuwa ametunga kipimo hicho kabla ya kujiunga. Mtoto anapimwa dakika ya 1 na ya 5: mapigo ya moyo, upumuaji, uimara wa misuli, anavyoitikia akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila kimoja alama 0 hadi 2. Si mtihani wa akili jamani, msiende kumwambia shemeji "wa kwangu alipata 9". Kinatuambia tu kama mtoto anahitaji msaada sasa hivi.

8.
Ndiyo maana sheria ile ya 2012 ikapita. Na jinsi inavyofanya kazi inapendeza, hebu tuone.

Sarafu ya kumbukumbu ni pesa halali, ila hakuna anayeenda nayo sokoni. Inauzwa kwa bei kubwa kuliko dola 1 iliyoandikwa juu yake, wanunuzi ni wakusanyaji na watu wenye mapenzi na jambo lenyewe. Ndani ya bei, sheria iliweka nyongeza ya dola 10 kwa kila sarafu. Hiyo ndiyo iliyopangwa kwenda kwa shirika, kwa ajili ya utafiti, elimu na huduma za afya ya wanawake, vichanga na watoto.

Lakini haiendi kienyeji. Kwanza, kiwanda cha serikali cha sarafu kinarudisha gharama zake zote, mlipa kodi asibebe hasara. Pili, shirika lazima lioneshe kwamba limechangisha lenyewe, kutoka kwa watu binafsi, kiasi kisichopungua kile linachopewa. Tatu, Marekani haitoi zaidi ya sarafu za kumbukumbu za mambo mawili kwa mwaka, maana huko nyuma zilizidi mpaka watu wakachoka kununua.

Sisi wenye vikundi vya kuchangiana kwenye simu tujifunze hapo. Mchango uwe na kazi iliyotajwa, gharama zijulikane, na mweka hazina aweze kuonesha hesabu.

9.
Na huku kwetu? Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Mwaka 2022 kikatangazwa kisa Malawi, majirani zetu kabisa, kilichotoka nje ya Afrika. Mtakumbuka mwaka ule tulivyopita nyumba kwa nyumba na vibebeo vya baridi, tukiwatia watoto alama ya wino kidoleni. Zile jioni zilinikumbusha kina mama wa Phoenix, ila sisi tulikuwa tunapeleka matone badala ya kukusanya senti.

Kwa hiyo angalia kadi ya mtoto leo. Matone anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano ya polio. Kama kuna dozi iliyorukwa, njoo tu. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza niambie.

10.
Mama wa kitanda cha jirani, najua unasoma huku. Nauli ilitimia, na ile 500 yako ilikuwemo. Mtoto njiti yule alifika hospitali ya rufaa akiwa anapumua vizuri kifuani kwa mama yake.

Sehemu ya 5 Jumapili: vidonge vya foliki, na kwa nini nawasumbua muanze kabla hata mimba haijaingia. Maswali wekeni hapa chini, nikitoka zamu najibu.