Mkojo Unapomtoka Mzee: Uchunguzi Utangulie Dawa

Mzee akieleza zahanatini kwamba mkojo unamtoka bila hiari, mara nyingi huambiwa kuwa ni uzee, au huandikiwa antibaiotiki kwa sababu "ana U.T.I." Makala haya yanadai kwamba majibu hayo mawili hufunga uchunguzi kabla haujaanza. Umri hupunguza uwezo wa kibofu kuhifadhi mkojo na huongeza mkojo wa usiku, lakini wako wazee wengi wa miaka 80 wanaojizuia vizuri.

Kuhusu U.T.I., wazee wengi, hasa wanawake, huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuumwa. Majibu ya maabara yakionyesha bakteria kwa mtu asiye na homa, asiyesikia maumivu wakati wa kukojoa, na ambaye tatizo lake ni la tangu mwaka jana, hayajaeleza kwa nini mkojo unamtoka. Antibaiotiki hapo haikaushi nguo zake. Inachochea usugu wa vimelea tu.

Uchunguzi wa kweli huanza na maswali, na maswali yanahitaji faragha. Mama aliyesindikizwa na mwanawe wa kiume hatasema kitu mbele yake. Mhudumu aamkie, amwombe kijana asubiri nje, kisha aulize waziwazi: "Mama, mkojo unakutoka ukikohoa au ukiinua ndoo? Au haja inakushika ghafla, hufiki chooni?" Jibu la kwanza linaelekeza kwenye udhaifu wa misuli ya nyonga na mlango wa kibofu, la pili kwenye kibofu kinachojikaza kabla ya wakati. Wengi wana yote mawili. Yuko pia ambaye kibofu chake ni kizima kabisa, ila magoti yanauma na choo kiko nje, mbali na kitanda.

Kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyokua, hatari ni kubwa zaidi. Kibofu kisichomwagika sawasawa hujaa hadi mkojo ukachuruzika wenyewe, na yeye hulalamika kuwa anakwenda chooni kila mara. Akipewa dawa ya kutuliza kibofu bila kupimwa, mkojo unaweza kuziba kabisa. Kwa hiyo apimwe kwa ultrasaundi mara tu baada ya kukojoa: mabaki yanayozidi mililita 200 yanatosha kumtilia shaka.

Mahali tunapopoteza fursa nyingi zaidi ni kwenye mfuko wa dawa. Daktari Neil Resnick wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba sababu nyingi za tatizo hili kwa wazee zinaondoleka, na dawa ni mojawapo. Furosemidi ikimezwa jioni humwamsha mgonjwa usiku kucha. Amlodipini huvimbisha miguu, na maji hayo hurudi kwenye damu akilala, yakawa mkojo. Enalaprili huleta kikohozi, na kila kikohozi kinavujisha. Amitriptilini huzuia kibofu kujimwaga. Mzee mmoja anaweza kuwa anatumia tatu kati ya hizo, kutoka kliniki tofauti. Kisukari na choo kigumu kilichokwama navyo vitafutwe; cha pili hugunduliwa kwa kidole chenye glavu, na hupuuzwa mno.

Shajara ya siku 3 inasaidia kuliko mashine nyingi: saa ya kukojoa, kiasi kwa jagi lenye alama, na mara alizolowa. Asiyejua kuandika ataandikiwa na mjukuu. Vipimo vya mgandamizo wa kibofu hospitali ya rufaa si vya kuanzia.

Damu kwenye mkojo ni jambo jingine. Kwa aliyekulia Pemba, Unguja au Kanda ya Ziwa, isichukuliwe kirahisi kuwa kichocho cha zamani. Huenda ni saratani ya kibofu, na rufaa haisubiri.

Tunaomba wanaofundisha wauguzi na matabibu waliingize swali la mkojo katika mahojiano ya kila mgonjwa aliyevuka miaka 60, kwa kuwa wazee wengi hawatalisema wenyewe wasipoulizwa.