Kitabu cha Binti wa Sultani: Mapendo, Ndoa na Ubatizo

Vijana wetu wa Goma wanapenda sana vitabu vya mapendo. Kitabu kimoja kinapita mikono kumi, na jalada lake limekwisha kupasuka kabla hakijarudi kwa mwenyewe. Vinavyopendwa zaidi ni vile vya nyumba za wafalme: binti wa mfalme anapenda mtu asiyeruhusiwa, wanatoroka usiku, na mwisho wote wawili wanaishi kwa furaha. Kuna mapadri wanaovikataza vitabu hivyo, kuna wengine wanaovicheka tu. Mimi nataka kuuliza neno lingine: je, vinasema kweli? Na sisi tunaowafundisha wachumba, tunaweza kupata nini humo?

Tusione haya kuuliza. Biblia yenyewe haikuficha mapendo ya wafalme. Inatueleza dhambi ya Daudi na Betsabe, tena wake mia saba na masuria mia tatu wa Solomono, na namna walivyougeuza moyo wake katika uzee wake. Kusoma mambo ya namna hiyo si aibu. Aibu ni kusoma bila kufikiri.

Ndoa ya mfalme si ya watu wawili

Tuanze hapa kwetu Kivu. Ndugu zetu Wanyanga wa Walikale wanayo hadithi kubwa ya Mwindo. Mzee Shekarisi Rureke aliisimulia yote mwaka 1956 mbele ya mtaalamu Biebuyck, na mwaka 1969 ilipigwa chapa pamoja na kazi ya Kahombo Mateene, mwana wa kabila lile lile. Inaanza kwa ndoa. Mfalme Shemwindo wa Tubondo anaoa wanawake saba, kisha anatoa amri mbele ya watu wake: hao wake zake wazae wasichana tu, na mtoto wa kiume akizaliwa atauawa. Sababu yake ni nini? Ni mali. Wasichana wataolewa, na mahari yao yatamrudia yeye. Mwindo anazaliwa mwanaume, na baba yake mwenyewe anamtupia mkuki.

Ni hadithi, lakini wazee walioisimulia walikuwa na akili. Walijua kwamba katika nyumba ya mfalme ndoa ni hesabu: mali, urithi, urafiki na majirani. Mapendo yanaweza kuwapo, lakini hayaalikwi kwenye baraza.

Neno hilo halikuwa la msitu wa Walikale tu. Lilikuwa vilevile katika nyumba kubwa ya pwani, nyumba ya Masultani wa Unguja. Nyumba hiyo si ngeni kwetu. Kiswahili hiki ninachokiandika kililetwa kwa njia ya misafara ya Wangwana, waliotoka Unguja wakavuka Tanganyika, wakafika Kasongo na Nyangwe. Katika nyumba ile alizaliwa mwanamke mmoja aliyeandika habari zake kwa mkono wake mwenyewe. Ndiye ninayetaka kuwaeleza.

Salme binti Said

Alizaliwa Mtoni, kisiwani Unguja, tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa mtumwa wa nchi ya Kaukazi, aliyenyakuliwa kwao akiwa bado mtoto, kisha akawa suria wa Sultani. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Korani, lakini kuandika walikatazwa. Salme alijifunza kwa siri, akizifuata herufi za Korani na kuziandika juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Elimu hiyo ilimletea matata mapema. Sultani Said alikufa mwaka 1856, na Majid akatawala Unguja. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alitaka kumpindua, na Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, akawa mwandishi wa waasi. Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Salme akabaki katikati ya ndugu waliogawanyika, hana baba wala mama.

Ndipo alipojuana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Nyumba zao zilikaribiana, hata waliweza kuonana kutoka dari moja mpaka nyingine. Wakapendana, naye akapata mimba. Sheria ya dini yake haikumruhusu kabisa mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristu, na maisha yake yalikuwa hatarini. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka kwa meli ya vita ya Waingereza mpaka Aden. Huko akazaa mtoto wa kiume, huko akamngoja bwana wake kwa miezi mingi. Tarehe 30 Mei 1867 Ruete alikuwa amefika. Siku ile moja Salme alibatizwa katika kanisa la Waanglikana, akapewa jina la Emily, akafungishwa ndoa, akaanza safari ya Ulaya.

Vitabu vya vijana wetu vingeishia hapo. Maisha yake hayakuishia hapo. Mtoto wa Aden alikufa angali mchanga. Hamburg wakazaliwa wengine watatu. Mwezi wa Agosti 1870 Ruete aliangushwa na gari la reli ya mji, akafa. Emily alikuwa na miaka ishirini na mitano, mjane katika nchi ya baridi, ana watoto wadogo watatu, na lugha ya Kijerumani bado nzito mdomoni.

Mwaka ule ule Majid alikufa, Barghash akawa Sultani. Ni yule aliyeandikiwa barua za uasi na dada yake. Lakini alimkatalia urithi wake, na hakutaka hata kumwona uso. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimrudisha Emily Unguja pamoja na meli za vita, ili kumtisha Barghash. Serikali ilipopata ilichotaka, madai ya mjane yakaachwa. Alikufa Jena, katika Ujerumani, mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Katika vitu vyake, kwa namna inavyosimuliwa, mlikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Kitabu kinasema nini

Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Alikuwa ameanza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, wapate kujua ukoo wa mama yao. Msomaji anayetafuta humo habari za mapendo atashangaa: jambo lenyewe la Ruete limepewa kurasa chache tu. Kilichobaki ni habari za nyumba ya baba: wake na masuria, namna ndoa zinavyopangwa, sikukuu, magonjwa, vifo. Wazungu walidhani kwamba wanawake wa huko ni wafungwa wasio na akili. Yeye anawajibu kwa uhodari, anaonyesha heshima na mali waliyokuwa nayo.

Lakini sisi wana wa Kongo hatuwezi kusoma kila ukurasa kwa kichwa cha kuitikia tu. Mwandishi huyu anautetea utumwa wa Waarabu, anasema si mbaya kama Wazungu wanavyofikiri. Mama yake mwenyewe alinunuliwa; tena karafuu za baba yake zilichumwa na watumwa. Vijiji vya Maniema vilivyochomwa havikuonekana kutoka madirisha ya jumba la Mtoni. Mtu anaweza kusema kweli juu ya machozi yake, na bado asiyaone machozi ya wengine.

Ubatizo wa siku moja

Sasa nafika neno linalotuhusu sisi wahudumu. Katika kitabu chake, na zaidi katika barua zake zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake, Emily anaungama kwamba alitoka kwao Mwislamu wa kweli, na kwamba Ukristu wake haukupata mizizi. Alibatizwa kwa sababu bila ubatizo hakuna ndoa.  Bwana wake alipokufa, alikuwa amekata kamba ya kale, na kamba mpya haikufungwa mahali popote.

Sisemi hayo ili kuwahukumu Waanglikana wa Aden. Waliona mwanamke mwenye mtoto, mbali na kwao, wakamhurumia. Ninasema kwa sababu mlango ule ule uko kwetu. Katekista gani hajapokea kijana aliyesema: "Padri, harusi ni mwezi ujao, watu wamekwisha kualikwa, umbatize mchumba wangu"? Wazazi wanasukuma, mahari yametolewa, na sisi tunaogopa kuharibu furaha yao. Kardinali Lavigerie aliona hatari hiyo mapema. Mapadri Weupe waliofika Tanganyika mwaka 1879 walikuwa na amri yake: miaka minne ya matayarisho kabla ya ubatizo wa mtu mzima. Wengi walinung'unika kwamba ni mingi mno. Mtu aliyekwisha kusoma habari za Emily Ruete hatanung'unika upesi.

Tena Eklezya haitulazimishi kufanya haraka. Kanuni ya 865 inataka mtu mzima aonyeshe nia yake mwenyewe, afundishwe kweli za imani na wajibu zake, ajaribiwe katika ukatekumeni. Na kama wachumba hawawezi kungoja, kanuni ya 1086 na ya 1125 zinamruhusu Askofu, kwa masharti yake, kutoa ruhusa Mkristu afunge ndoa na asiyebatizwa. Basi hakuna sababu ya kuufanya ubatizo kuwa tiketi ya harusi. Afadhali mchumba aingie kanisani kwa ruhusa, akiwa bado mtu wa dini yake kwa uaminifu, na siku moja aombe ubatizo kwa moyo wake, kuliko kummwagia maji kichwani na kumwacha peke yake.

Shemwindo alifikiri kwamba ndoa ni mali, akaona wanawake kama ghala. Salme alifikiri kwamba mapendo ya watu wawili yanatosha, akajikuta peke yake Hamburg. Wote wawili walikosa kitu kimoja: jamaa inayompokea mtu bila kumfanyia hesabu. Jamaa hiyo ndiyo Eklezya inayotaka kuwa. Lakini haiwi hivyo kwa sherehe ya siku moja. Inakuwa hivyo katekista anapokwenda kumtazama yule mke mpya nyumbani kwake, mwezi baada ya mwezi. Akina mama wa shirika wanapomwita kwa jina. Na, ikiwa bwana wake amekufa, padri anapokumbuka njia ya mlango wake.

Basi, mkiwakuta vijana na vitabu vyao vya mabinti wa wafalme, msiwanyang'anye upesi. Ketini pamoja nao, waulizeni: baada ya ukurasa wa mwisho, huyu bibi aliishi na nani?