Mashamba ya marika: kilimo cha Wanyakyusa kabla ya kahawa na chai

Katika Rungwe ya zamani, nchi ya Wanyakyusa kusini-magharibi mwa Tanzania, tangu Masukulu hadi miteremko ya Mlima Rungwe wenyewe, mvulana alihama kwao angali na miaka kumi hivi. Yeye na wenzake walijijengea vibanda pembezoni mwa kijiji cha baba zao, wakalala huko. Mchana walilima mashamba ya baba zao, jioni wakaenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama huyu na kesho kwa yule. Walipooa, wake zao waliwafuata huko huko na vibanda vikageuka kijiji. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliviandikia vijiji hivyo vya marika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1951.

Siku hizi shamba la pamoja lisilotumia kemikali, lenye nia ya kulinda ardhi na roho pia, huonekana kama wazo jipya. Wanyakyusa walikuwa na kitu kinachofanana nalo, ila hawakukiita mradi.

Tukuyu, mji wa Rungwe, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake umetokana na volkano. Utajiri huo ungeweza kuwalevya watu, lakini wao waliutunza. Wanaume waligeuza ardhi kwa jembe na kufukia majani ndani ya matuta ili yaoze. Ndipo ulezi, maharage na viazi vitamu vikafuata kwa zamu. Samadi ya ng'ombe iliishia kwenye migomba iliyozunguka nyumba. Majembe yenyewe yalitoka kwa wahunzi Wakinga wa milima ya Livingstone, waliobadilishana chuma kwa chakula. Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabia migomba na usafi wa makazi hayo.

Ardhi haikuwa mali ya mtu kufa nayo. Kila baada ya miaka thelathini hivi ilifanyika ubusoka, sherehe ya kizazi kipya kukabidhiwa nchi. Mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa, miti ikapandwa, na wazee wakasogea kuwapisha vijana wao. Machifu walipozikwa, makaburi yao yaliachwa yageuke misitu ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Huko Lubaga aliishi Lwembe, chifu mtakatifu ambaye uzima wa mwili wake ulihesabiwa kuwa uzima wa mvua na mazao.

Hapa mtu asijidanganye kwamba ilikuwa pepo. Lwembe akiugua, makuhani walimziba pumzi asije akafa taratibu na nchi ikafifia pamoja naye. Nao majirani walikuwa na silaha yao: mchoyo wa chakula au mkosefu wa heshima aliaminika kupatwa na homa kwa sababu ya pumzi ya wanakijiji waliomnung'unikia. Ukarimu ule uliosifiwa na wageni ulikuwa na hofu ndani yake.

Kilichouvunja mpango huu wa vijiji vya marika si dini peke yake, ingawa Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na kuanzisha vijiji vya waumini. Mazao ya kudumu yalichangia zaidi. Shamba la ulezi unamwachia mwanao bila uchungu, maana msimu ujao unaanza upya. Mkahawa, au mche wa chai, unaokulipa miaka mingi baada ya kuupanda, haukabidhiwi kirahisi. Pesa ziliingia, ardhi ikapungua kadiri watu walivyoongezeka, na baba akakataa kusogea. Cha ajabu ni kwamba mmea wa kudumu, ambao mtaalamu wa ikolojia angeusifu kwa kuzuia mmomonyoko, ndio uliosaidia kuua desturi ya kupokezana ardhi.

Hata hivyo, desturi ya majirani kuchungana imerudi kwa sura nyingine. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai na kukipa alama ya Kilimohai. Mkulima mdogo asiyeweza kumlipa mkaguzi wa nje anaweza kuipata kupitia kikundi, ambamo wakulima hukaguana wenyewe: jirani huingia shambani kwako, hutazama ulichonyunyiza, kisha husema mbele ya wenzenu kama anakuamini. Mzee wa kijiji cha rika angelielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.