Metali au plastiki katika magari madogo ya mashindano

Tangu kampuni ya Kijapani Tamiya ilipotoa gari lake la kwanza liongozwalo kwa redio mwaka 1976, wapenzi wa mashindano hayo wamebishana juu ya vipuri. Wengi huidhania plastiki kuwa ni unafuu wa bei tu. Si hivyo.

Mkono wa nailoni unaoshika gurudumu la mbele hupinda gari linapogonga ukuta, kisha hurudi katika umbo lake. Wa alumini hupinda ukabaki vivyo hivyo. Au ukiwa imara mno, hupeleka kishindo chote kwenye fremu, ambayo ni ghali zaidi kuibadilisha. Tena alumini ina uzito wa gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, zaidi ya mara mbili ya nailoni, na uzito ulioko karibu na magurudumu hulifanya gari lirukeruke penye mashimo.

Metali ina mahali pake. Gia ndogo ya mota huwa ya chuma, kwa kuwa meno yake ni machache na huzunguka mara nyingi zaidi. Kishikio cha mota huwa cha alumini, ili kipunguze joto. Gia kubwa, hata hivyo, mara nyingi huachwa kuwa ya plastiki kwa makusudi: kijiwe kikinasa, heri yakatike meno yake kuliko kuharibika mota.

Wanaoshindana kwenye baridi kali wajihadhari, kwani huko plastiki hukakamaa na kuvunjika upesi.