Mizani, Bei na Gunia: Historia ya Kumtafuta Wakala wa Soko Anayeaminika katika Sigino na Babati

Historia ya kilimo nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa upande wa uzalishaji, yaani mbegu, mvua, jembe na ardhi, ilhali upande wa kuuza umeachiwa takwimu za bodi na ripoti za tume. Hata hivyo, kwa kaya ya mkulima mdogo, uamuzi wa nani akabidhiwe mazao umekuwa na uzito sawa na uamuzi wa nini kipandwe, kwa kuwa jasho la msimu mzima linaweza kupotea ndani ya siku moja mikononi mwa mtu mmoja mwenye mizani. Mtu huyo, au taasisi hiyo, ndiye anayeitwa hapa wakala wa soko: yule anayekabidhiwa na mzalishaji kazi ya kutafuta wanunuzi, kuinadi bidhaa, kujadili bei na kurudisha fedha, naye akapata ujira kwa kazi hiyo. Makala hii inafuatilia namna wakulima wa Sigino na eneo la Babati kwa ujumla walivyowekewa, au walivyojichagulia, mawakala wa namna hiyo kwa takriban karne moja, na inashikilia kwamba imani kwa wakala ilisimama pale tu mkulima alipoweza kuiona mizani, kuijua bei ya mnunuzi wa mbele na kuondoka na gunia lake asiporidhika. Mojawapo ya mambo hayo matatu lilipokosekana, sifa njema ya wakala haikutosha kumlinda mtu.

Sigino ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, mji ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Wilaya ya Babati yenyewe ilikuwa imemegwa kutoka Hanang mwaka 1985. Eneo hili ni la asili la Wagorowa, nao wanaishi pamoja na Wairaqw, Warangi, Wabarbaig na wengine waliovutwa na ardhi yenye rutuba iliyo chini ya kuta za Bonde la Ufa. Babati ilikua kwa sababu ya barabara. Njia iliyoitwa na Waingereza Barabara Kuu ya Kaskazini ilipita hapo ikiunganisha Arusha na Dodoma, na njia ya kwenda Singida ikaanzia hapohapo, hivyo mahindi ya vijiji vya jirani yalikuwa karibu na njia kuu lakini mbali na soko kuu, kwani Arusha iko zaidi ya kilomita 160. Umbali huo ndio uliomzaa wakala. Mkulima asiye na gari wala habari za bei ya Arusha hakuwa na budi kumtegemea mtu aliyekuwa navyo vyote viwili.

Katika kipindi cha utawala wa Mwingereza mtu huyo alikuwa, kwa kawaida, mwenye duka, mara nyingi mwenye asili ya Kihindi, ambaye alinunua nafaka kwa pishi au kwa debe, akauza chumvi, nguo na majembe, na akaandika madeni kwenye daftari lake. Sheria ya kikoloni iliyozuia Waafrika kukopeshwa, iliyotungwa katika miaka ya 1920, ilimfanya mfanyabiashara ashindwe kudai deni mahakamani isipokuwa kwa kibali cha ofisa wa serikali, na matokeo yake mkopo ulibaki kuwa jambo la kujuana, lisilo na hati ambayo mkulima angeweza kuitumia kujitetea. Si haki kumchora mwenye duka kama mnyang'anyi tu, kwa maana alibeba hatari ya barabara mbovu na ya nafaka kuoza, na bila yeye mazao mengi yasingetoka kijijini. Tatizo lilikuwa katika nafasi aliyoishika: alikuwa mnunuzi, mpimaji, mkopeshaji na mtoa habari za bei kwa wakati mmoja, na mtu anayefaidika bei ikishuka hawezi kuwa wakala wa anayefaidika bei ikipanda.

Jibu la kwanza lenye nguvu kwa tatizo hilo lilitoka Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, na baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932 kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, mwaka 1933. Hoja ya ushirika ilikuwa nyepesi kueleweka: wakulima wenyewe wamwajiri anayewauzia, ili faida yake na faida yao zielekee upande mmoja. Baada ya uhuru serikali ilieneza mfumo huo nchi nzima kwa kasi kubwa, hata mahali ambapo wakulima hawakuwa wameuomba. Ukajengwa mnyororo wa ngazi tatu, ambapo chama cha msingi kilikusanya mazao kijijini, chama kikuu kikayasafirisha, na bodi ya taifa ikayanunua na kuyauza. Kila ngazi ilikata chake kabla fedha haijamrudia mkulima, na kwa kuwa makato yalifanyika mbali na macho yake, hakuwa na namna ya kuyapima. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, nayo ikaeleza upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa uaminifu na wanachama kutoshirikishwa katika mambo ya vyama vyao. Jambo la kusikitisha ni kwamba ugonjwa uliotambuliwa mapema kiasi hicho haukutibiwa kwa kumrudishia mwanachama nguvu. Ulitibiwa kwa kuongeza mkono wa dola.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Kazi ya kununua nafaka ikawa ya Shirika la Usagishaji la Taifa, maarufu kwa kifupi cha NMC, ambalo lilinunua kupitia vijiji kwa bei iliyopangwa na serikali, na kwa miaka kadhaa bei hiyo ilikuwa moja kwa nchi nzima bila kujali umbali wa shamba na soko. Mtu anaweza kuisifu bei ya namna hiyo kwa kuwalinda wakulima wa pembezoni, na sifa hiyo ina haki yake. Lakini shirika lilichelewa kulipa, na mkulima aliyechelewa kulipwa katika miaka ya mfumuko wa bei alipunjika hata kama mizani ilikuwa sahihi. Zaidi ya hayo hakuwa na mlango wa kutokea. Kusafirisha nafaka bila kibali kulihesabiwa kuwa magendo, na mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa Monduli katika mkoa uleule wa Arusha uliojumuisha Babati, ilipigwa vita ya nchi nzima dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mwaka 1984 kikomo cha nafaka ambayo mtu binafsi aliruhusiwa kusafirisha kilipandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikaondolewa. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kufungua njia ya kurejesha vyama vikuu, na katika eneo hili chama kikuu kilichokuja kujulikana zaidi ni RIVACU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Bonde la Ufa, chenye makao yake Babati.

Soko huria la miaka ya 1990 lilimleta mbele dalali, mtu asiye na duka wala ghala, ambaye mtaji wake mkubwa ni kujuana na watu wa pande zote mbili. Dalali huzunguka vijijini wakati wa mavuno, huwajulisha wenye malori mahali penye mzigo, hukusanya magunia, na hulipwa kamisheni, yaani ujira unaohesabiwa kwa kila gunia au kila kilo. Mbali na kamisheni hiyo iliyo wazi, yapo mapato mengine yanayoitwa cha juu, yaani tofauti kati ya bei aliyoitaja mnunuzi na bei aliyoambiwa mkulima. Kamisheni ni malipo ya kazi. Cha juu ni malipo ya kutojua kwa mwingine. Vipimo navyo viligeuka kuwa mahali pa kujipatia: debe lilijazwa hadi likafanya kichuguu, na lumbesa, yaani gunia linaloongezewa kilemba juu ya mdomo wake ili libebe kuliko kiasi chake, likafanywa desturi ingawa sheria ya vipimo inalikataza na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukipambana nalo. Familia iliyobanwa na ada ya shule au ugonjwa iliuza mazao yakiwa bado shambani, kwa bei ya mwenye shida.

Zao lililolidhihirisha suala hili kuliko mengine yote ni mbaazi. Katika Babati mbaazi hupandwa kwa kuchanganywa na mahindi, na hubaki shambani mahindi yakishavunwa. Mbegu ya kienyeji yenye punje kubwa nyeupe ilipata jina sokoni hata ikaitwa Babati White, jambo ambalo ni nadra kwa zao la wakulima wadogo, kwa maana jina la mahali lilikuwa tayari limefanya kazi ya kutangaza ambayo makampuni hulipa fedha nyingi ili ifanyike. Ugonjwa wa mnyauko fusari, unaosababishwa na kuvu wa udongoni, uliitesa mbegu hiyo, na watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, wakaleta mbegu zilizouhimili ugonjwa, hasa ile iliyoitwa Mali, ambayo punje zake zilikubalika kwa wanunuzi. Hapa thamani ya wakala mwema inaonekana wazi. Jina la Babati lilikuwa mali ya wakulima wote kwa pamoja, na kila aliyechanganya mbaazi safi na chafu ili aongeze uzito wa lori aliila mali hiyo bila kulipa.

Hata hivyo, wakala awe mwaminifu kiasi gani, hawezi kumlinda mteja wake dhidi ya soko linalomtegemea mnunuzi mmoja. Sehemu kubwa ya mbaazi za Tanzania ilikwenda India, na mwezi Agosti 2017, baada ya mavuno makubwa nchini humo, serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje. Bei iliporomoka na magunia yakabaki ndani ya nyumba. Msumbiji ilikuwa imetia saini makubaliano na India mwaka 2016 yaliyoihakikishia nafasi ya kuuza. Tanzania haikuwa na makubaliano ya namna hiyo, na mlango haukufunguliwa tena kwa wote hadi mwaka 2021. Kwa haki, lawama za msimu ule hazikumstahili dalali wa kijijini peke yake, maana aliyekosekana alikuwa wakala wa ngazi ya taifa.

Mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005 na kupata umaarufu kwanza kwenye korosho, umekuja kama jaribio jipya la kujibu swali la zamani. Mkulima hupeleka mazao kwenye ghala lenye leseni kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha mazao na masoko. Mazao hupimwa uzito na ubora, stakabadhi hutolewa, na mnada huendeshwa wazi, siku hizi kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mizani inaonekana na bei ya mnunuzi inasomwa hadharani, hatua ambayo wakulima wa enzi ya duka na enzi ya NMC hawakuipata. Serikali ilipotaka mbaazi, pamoja na ufuta, dengu na soya, ziuzwe kwa njia hiyo katika msimu wa 2024, malalamiko yaliyojitokeza mahali mbalimbali yalihusu hasa kusubiri malipo na kunyimwa hiari ya kumuuzia mwingine. Malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa yanagusa lile jambo la tatu, mlango wa kutokea, ambao ulifungwa mwaka 1976 kwa gharama kubwa.

Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mwanachama wa AMCOS anazo zana ambazo mteja wa dalali hakuwa nazo: hesabu za chama hukaguliwa na shirika la ukaguzi wa ushirika, COASCO, au mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa, mkutano mkuu ndio unaopitisha ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, na bodi ya chama huchaguliwa na inaweza kuondolewa na wanachama haohao. Zana hizo hufanya kazi kwa wanaohudhuria mkutano, wanaodai kusomewa makato ya kila kilo, kato moja baada ya jingine, na wanaolinganisha uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi na ule waliouona kwenye mizani ya ghala kabla mnada haujaitishwa.