José "Chepito" Areas na Nafasi ya Mpiga Timbale katika Bendi ya Santana, 1969–1974

Katika maandishi mengi kuhusu roki ya Kilatini, bendi ya Santana hutazamwa kupitia kwa mpiga gitaa wake, Carlos Santana, ambaye jina lake ndilo jina la bendi. Mtazamo huo humweka pembeni José Areas, maarufu kwa jina la Chepito, aliyezaliwa mwaka 1946 huko León, Nikaragua, na kujiunga na bendi hiyo San Francisco mwaka 1969. Areas alipiga timbale, konga na hata tarumbeta. Timbale ni jozi ya ngoma fupi za chuma, zenye ngozi upande wa juu tu, zinazopigwa kwa vijiti. Mpigaji hugonga pia ubavu wa ngoma na kengele iliyofungwa juu yake. Katika muziki wa dansi wenye asili ya Kuba, mpigaji huyo ndiye huwaashiria wenzake kutoka sehemu moja ya wimbo kwenda nyingine.

Tarehe 16 Agosti 1969 bendi ilitumbuiza Woodstock kabla albamu yake ya kwanza haijatoka. Jukwaani, watatu kati ya wanamuziki sita walikuwa wapiga ngoma: Areas, Michael Carabello kwenye konga, na Michael Shrieve kwenye ngoma za kawaida za roki.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika albamu ya Abraxas (1970). Nyimbo zake mbili, "Se a Cabó" na "El Nicoya", zilitungwa na Areas. "Oye Como Va" ni utunzi wa Tito Puente, naye pia mpiga timbale. Santana waliingiza gitaa la umeme na kinanda cha ogani, lakini mwendo wa chachacha uliachwa palepale. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba roki "ilipambwa" kwa ngoma. Katika wimbo huu roki ndiyo iliyokaribishwa nyumbani kwa wenye ngoma.

Mwanzoni mwa 1971 Areas alipatwa na maradhi ya kuvuja damu ubongoni. Ndani ya bendi pakazuka mabishano: je, waendelee na ziara bila yeye? Waliendelea. Katika tamasha la Soul to Soul, Accra, tarehe 6 Machi 1971, nafasi yake ilishikwa na Willie Bobo, mkongwe aliyewahi kupiga na Puente, na ambaye alirekodi "Evil Ways" kabla ya Santana kuifanya maarufu. Kwamba alihitajika mtu wa kiwango hicho kuziba pengo la kijana wa miaka 24 ni jambo linalostahili uzito kuliko linavyopewa. Baadaye Coke Escovedo naye aliingia.

Areas alipona, akarudi, na kusikika katika albamu ya tatu mwaka huohuo. Mwaka 1974 alitoa albamu yenye jina lake mwenyewe.