Chumvi Kwanza, Kilo Baadaye

Katika majira ya baridi ya 1941 kuelekea 1942, huko Scotland, luteni wa Kipolandi aliyeitwa Józef Kosacki alikamilisha chombo cha kutafutia mabomu yaliyofukiwa. Kilikuwa na koili mbili mwishoni mwa mpini mrefu, moja ikipeleka mawimbi ardhini na nyingine ikisikiliza, na mwendeshaji alivaa visikizio masikioni ili apate kusikia mlio ukibadilika. Ukijumlisha vali, betri na mpini, mzigo wote ulikaribia kilo 14. Kosacki hakudai malipo. Aliwapa Waingereza kazi yake bure, na Mfalme George VI akamwandikia barua ya shukrani. Mwaka 1942, katika vita vya El Alamein, vyombo vyake takriban 500 vilisafisha njia katika mchanga wa Misri, na mwendo wa askari ndani ya viwanja vya mabomu ukapanda kutoka mita 100 hadi mita 200 kwa saa. Leo mjukuu wa chombo hicho, ambaye wengi wetu tunamwita ditekta tu, unaweza kumpata akiwa na uzito wa kilo moja na robo, naye anaingia majini. Ndiyo maana anayetaka ditekta ya kusakia pete na sarafu ufukweni huanza kwa kuuliza kilo. Nasema swali hilo ni halali ila limetangulia mahali pasipo pake. Uzito ulipunguzwa mapema, na kwa sehemu kubwa na mafundi wa redio ambao fukwe hazikuwa kazi yao. Kilichochukua miaka mingi ni chumvi, na hadi leo chumvi ndiyo inayoamua ditekta ipi inafaa pwani.

Ili kuona kwa nini, yafaa kurudi nyuma hadi chumba cha mgonjwa. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika kituo cha treni mjini Washington, na risasi moja ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, ambaye simu yake ilikuwa na miaka mitano tu, aliunda chombo cha koili zilizosawazishwa ili zinyamaze, halafu zilie zikikaribia metali. Alimpima rais mara mbili, na mara zote mbili hakuipata risasi. Sababu mbili hutajwa. Daktari mkuu alimruhusu apime upande wa kulia tu, ilhali risasi ilikuwa kushoto. Na kitanda kilikuwa na springi za chuma chini ya godoro. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Sababu ile ya pili ndiyo inayotuhusu hapa. Chombo hakikuwa kibovu, kilifanya kazi yake sawasawa: kilisikia kila kitu kinachopitisha umeme kilichokuwa karibu, na springi zilikuwa nyingi na kubwa kuliko risasi. Chombo cha aina hii hakijui unachokitafuta. Kinajua tu kwamba mkondo mdogo wa umeme umezunguka mahali fulani na kuirudishia koili mwangwi wake.

Bahari ni kitanda cha Garfield kilichotandazwa pwani nzima. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji hayo hupitisha umeme kuliko maji ya mto au kisima mara mia na zaidi. Mchanga mkavu wa juu, pale miguu inapochomwa na jua, haupitishi umeme kiasi cha kusumbua. Lakini pwani, kama neno lenyewe linavyosema, ni mahali maji yanapopwa. Na bamvua linaporudi nyuma na kuacha mchanga unaong'aa, chini ya koili kunabaki shuka pana la maji ya chumvi. Mawimbi ya ditekta yanalipita shuka hilo na kuamsha mikondo midogo ndani yake, nayo ditekta inalia. Inua koili sentimita tatu, inanyamaza. Ishushe, inalia tena. Wimbi likija na kufunika mchanga, sauti inabadilika kabla mkono haujasogea. Na hapo ndipo penye ugumu hasa: sauti ya maji ya chumvi haifanani na ya msumari wala ya sarafu nene ya fedha. Inakaa jirani kabisa na sauti ya karatasi ya alumini, ya pete nyembamba ya dhahabu, ya kipande cha hereni. Ukiiamuru mashine isiyasikie maji, umeiamuru isisikie sehemu ya dhahabu pia.

Historia ya Florida inalionyesha jambo hili vizuri kuliko maabara. Alfajiri ya 31 Julai 1715 kimbunga kilivunja msafara wa meli za Hispania uliokuwa ukitoka Havana na shehena ya fedha na dhahabu. Meli 11 kati ya 12 ziliangamia kwenye miamba ya mashariki mwa Florida, na watu zaidi ya 1000 wakafa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mjenzi mmoja aliyehamia sehemu hizo, Kip Wagner, alianza kufuatilia sarafu zilizotupwa ufukweni baada ya dhoruba. Akapata ditekta ya mabomu iliyouzwa na jeshi baada ya vita, yaani ndugu wa karibu wa mashine ya Kosacki, na kwa ditekta hiyo akapagundua mahali manusura wa 1715 walipopiga kambi. Angalia mashine hiyo ilipompatia ushindi: si penye mchanga uliolowa, bali kwenye ardhi ya juu nyuma ya ufukwe, mahali ambapo leo limejengwa jumba la makumbusho. Zile sarafu za mwambao, ambazo fedha yake imegeuka nyeusi kwa kukaa katika chumvi hata unaweza kuipita ukidhani ni kokoto, zilikuwa zinaokotwa kwa macho. Wagner na wenzake walipotaka kilicho baharini waliingia kwa mashua na vifaa vya kupigia mbizi.

Kuanzia miaka ya 1950 transista ilichukua nafasi ya vali, na betri kubwa zikaondoka pamoja na vali zake. Ndani ya muda mfupi mzigo wa mgongoni ukawa kitu cha kushika kwa mkono mmoja. Kama uzito ungekuwa ndio kikwazo cha ufukweni, fukwe za dunia zingefunguka hapo. Hazikufunguka. Hata mashine za miaka ya 1970, zilizojifunza kupuuza madini ya ardhini na kutenga chuma na metali nyingine, zilikuwa zikipagawa kwenye mchanga uliolowa, kwa sababu zilitumia masafa ya aina moja. Masafa moja hukupa kipimo kimoja, na kipimo kimoja hakitoshi kutenganisha mambo mawili, yaani chumvi iliyo kila mahali na pete iliyo mahali pamoja.

Njia mbili zilipatikana, na zote mbili ziliongeza uzito kabla ya kuupunguza. Ya kwanza ni ya mapigo, ambayo Mwingereza Eric Foster ni mmoja wa waliohangaika nayo zaidi tangu miaka ya 1960. Badala ya kupeleka wimbi lisilokatika, mashine hupiga pigo fupi la umeme, hulikata ghafla, husubiri kidogo sana, kisha husikiliza. Mikondo ndani ya maji ya chumvi hufa katika muda wa maikrosekunde chache. Ndani ya pete au sarafu huchelewa kufa. Anayesubiri kidogo tu huikuta bahari imekwisha nyamaza na metali bado inaongea. Ni wazo zuri mno kwa unyenyekevu wake. Lakini mapigo yanakula betri, na mashine za aina hii kwa kawaida haziwezi kukuambia kama ulichokipata ni dhahabu au kibanio cha nywele, kwa hiyo mtu anachimba kila kitu. Njia ya pili ilitoka Australia. Mwaka 1991 kampuni ya Minelab, kwa kazi ya mwanafizikia Bruce Candy, ilitoa Sovereign, iliyotangazwa kuwa inatumia masafa 17, kuanzia kilohezi 1.5 hadi 25.5. Kwa kulinganisha majibu ya masafa tofauti, mashine huweza kulitoa jibu la chumvi katika hesabu na kuacha la metali. Ndugu yake wa majini, Excalibur, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo mbili. Hata hivyo wasakaji wa maji ya chumvi waliing'ang'ania kwa miaka mingi, ingawa madukani mashine nyepesi zilikuwepo. Watu hawabebi kilo ya ziada juani saa nne mfululizo kwa mazoea tu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Ufaransa. Mwaka 2009 kampuni ya XP ilileta Deus, ditekta isiyo na waya kati ya koili na visikizio, yenye uzito usiofika kilo moja. Mashambani ilisifiwa, na ilistahili. Lakini ilifanya kazi kwa masafa ya aina moja kwa wakati, na kwenye mchanga uliolowa chumvi ilibidi ipunguzwe nguvu ili itulie. Miaka tisa baadaye, mwaka 2018, Equinox ya Minelab ilifika sokoni ikiwa na masafa mengi kwa pamoja ndani ya kilo 1.34, nayo ndiyo iliyowashawishi wengi waiweke kando mizigo yao ya kilo mbili. Na XP wenyewe walipotengeneza Deus II, kitu kikubwa walichoongeza hakikuwa wepesi. Walikuwa nao tayari. Waliongeza masafa mengi na uwezo wa kuzama.

Kuna atakayesema: mkono wa mtu si mzani wa duka. Mzee wa miaka 70, au mwenye bega bovu, akichoka huanza kuinua koili kila mwisho wa mfyeko, na kila sentimita inayopotea hewani imepotea pia ardhini. Ni kweli kabisa, na mtu huyo asidharauliwe. Ila kinachomchosha si jumla ya kilo tu, bali zimekaa wapi. Gramu 200 mbele kwenye koili zinauma kuliko gramu 500 chini ya kiwiko. Na mashine nyingi za zamani za majini ziliruhusu kisanduku kifungwe kiunoni, mkononi ukabaki mpini na koili. Mwingine atasema yeye hatoki kwenye mchanga mkavu, pale watu wanapotandika mikeka na kudondosha funguo. Huyo sina la kumpinga: masafa ya aina moja yanamtosha, achague nyepesi kuliko zote na abaki na fedha yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba chombo hiki kizima ni cha kupora. Katika pwani yetu neno hilo halipuuziki. Sarafu za shaba za Kilwa ni ndogo na nyembamba. Tano zilizookotwa mchangani na askari katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, zimewapa wanahistoria maswali yasiyokwisha, kwa sababu hakuna aliyerekodi vizuri zilivyokaa mchangani. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006. Pete iliyodondoka Jumapili iliyopita na sarafu ya sultani hutoa mlio uleule masikioni, na hakuna masafa yatakayozitofautisha. Kazi hiyo ni ya mwenye kuchimba, naye anatakiwa kuijua sheria kabla ya kununua betri.

Baada ya mchanga mkavu na ule uliolowa, linabaki eneo la tatu, la maji yenyewe, na hapo hesabu ya kilo inageuka kabisa. Koili iliyojaa hewa huelea. Mtu aliyesimama maji ya kiunoni na koili nyepesi mno hutumia nguvu yake yote kuikandamiza chini, na kila wimbi humrudisha mwanzo. Ndiyo maana watengenezaji hujaza koili za majini gundi ngumu ili zizame polepole, na wasakaji wenye mipini ya nyuzi za kaboni, waliyoinunua kwa sababu ni myepesi, hutoboa matundu ili maji yaingie ndani, au huijaza mchanga kabla ya kuingia baharini.